Gari la Denise

Shemeji yangu Reino Lahti alikuwa na dini mbili: sauna, kile chumba cha mvuke, kila Jumamosi, na maandishi ya nyuma ya chupa. Ya kwanza aliirithi kwa Wafini wenzake. Ya pili aliipata katika gereji ya malori ya mgodi wa chuma, alikotumika mpaka wakamstaafisha. Hapa kwetu Negaunee, mji wa machimbo na baridi kali, Oktoba ikiingia, mtaa mzima ulipeleka magari kwake kabla ya theluji. Alimwaga oili ya kiangazi, akatia nyepesi ya baridi, akapima kama kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini, itahimili baridi bila kuganda. Hela hakutaka. Ukimletea paja la paa uliyemwinda mwenyewe, mmemalizana.

Ila ole wako uende na kulanti uliyoichagua kwa rangi. Alikuwa akisema kila kiwanda hutia rangi kinavyopenda, kwa hiyo kijani cha huyu na kijani cha yule huenda hata hawajuani. Ukichanganya mbili zisizopatana zinaganda kuwa tope, na tope likiziba mirija, injini imekwenda na maji. "Mbele ya chupa ni kwa muuzaji," alisema, "nyuma ndiyo ya injini." Aligeuza chupa, akateremsha miwani puani, akasoma namba zote huku midomo ikimchezacheza kama yuko kanisani. Na mimi, kaka wa mkewe, ndiye niliyekuwa ngoma yake ya kupiga. "Nyie akina Pascoe mnajua kusoma bei tu," aliniambia mbele za watu, na watu walicheka.

Oktoba ya mwaka juzi nilimkuta ameinua chupa dirishani, anaifananisha na kilichomo kwenye gari la jirani. Nikaona nami leo nimepata pa kumchoma.

"Vipi shemeji, leo hatusomi?"

"Kijani ni kijani," akanijibu, akaanza kufungua kifuniko.

Kicheko kilinikauka. Niliichukua ile chupa nikasema nataka kujifunza, nikasoma ya nyuma kwa sauti, na kwa bahati ilikuwa ndiyo yenyewe. Lakini mtu aliyesema maneno yale hakuwa Reino. Nilikwenda jikoni kwa dada yangu Arlene, nikamkuta anakunja kingo za mkate wa nyama, nikamweleza. Hakushtuka. Alisema tangu kiangazi mumewe amekuwa akisimama katikati ya sebule kama mgeni aliyesahaulika, na daktari ameshasema ugonjwa huo wa kusahau hauna kurudi nyuma. Kisha akanishika mkono kwa vidole vyenye unga.

"Usimwambie mtu, Gordon. Ile gereji ikifungwa, na yeye amekwisha."

Tukapanga. Kila gari likija, mimi niwepo na kikombe changu cha kahawa, nijifanye mwanafunzi mzee, nisome lebo kwa sauti kabla hajamimina. Reino alifurahi mno. Alinitania kwamba sasa nimebakiza kujifunza kuoga. Mtaa mzima ulipita hivyo, gari baada ya gari, na hakuna lililoharibika. Nilianza kujiona mjanja.

Gari la Denise sikuliona. Denise ndiye binti yao pekee, muuguzi katika hospitali iliyo mbali, upande wa ziwa, na barabara ya kwenda huko inapita msituni pasipo hata nyumba moja. Alikuja kulala kwao, na asubuhi baba yake akaamka kabla ya mtu yeyote ili amfanyie gari mwanawe kwa nafasi, bila kelele zangu. Denise alipoamka alikuta gari limeshaoshwa hadi vioo. Nani angemuuliza baba anayempenda mwanawe hivyo kwamba ametia nini?

Likatembea vizuri mpaka Januari. Asubuhi moja, kwenye baridi ile inayopasua miti, hita ikaanza kupuliza hewa ya barafu, na mshale wa joto la injini ukapanda hadi mwisho. Gari likazima katikati ya msitu, mahali simu haishiki. Dereva wa greda la theluji ndiye aliyemkuta, midomo myeusi. Madaktari walimwokoa, lakini walimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Muuguzi, na mkono huo ndio anaotafutia mshipa wa mgonjwa. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Gari lilivutwa hadi kwa Reino, maana kwa miaka yote hapakuwa na kwingine. Siku Denise alipotoka hospitali tukasimama na baba yake gerejini, yeye, mama yake na mimi, mkono wake umefungwa bendeji. Baba yake alikuwa ameambiwa ajali nzima asubuhi ya siku hiyo, na kichwani mwake hakikubaki chochote. Alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, kikatoka na tope la kahawia. Na palepale, kwa muda ule tu, alirudi. Mgongo ukanyooka, macho yakawa yale ya mgodini.

"Hizi ni kulanti mbili zisizopatana," alisema. "Hita imeziba kwanza, halafu rejeta. Kichwa cha injini kimepinda. Nani mpumbavu kafanya hivi?"

Arlene aliinamisha uso. Mimi nilifungua mdomo, Denise akanitangulia.

"Mimi, baba. Niliongeza kwenye kituo cha mafuta. Niliona rangi zinafanana."

Akamgombeza! Tangu ukiwa mtoto nakufundisha, alimwambia, rangi ni ya kuchezea, soma nyuma ya chupa, ungeweza kufa wewe. Denise alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wenye bendeji ameuficha nyuma ya koti.

"Kuanzia leo usiguse gari lako," akamalizia Reino. "Lete kwangu."

"Sawa, baba," alisema Denise, akampa ufunguo.

Mtaa ulijua bila kuambiwa. Oktoba iliyofuata kila mtu alikuwa na udhuru, huyu gari lake lina waranti ya kiwanda, yule anasafiri, na mbele ya gereji hapakupangwa hata gari moja. Denise alinunua jingine, analiegesha nyuma ya nyumba yangu na kwenda kwa wazazi wake kwa miguu. Lile lililokufa bado liko gerejini, na Reino hulisafisha mirija kila siku ya Mungu, kwa sababu kila siku analiona kwa mara ya kwanza.

Theluji ikizidi hunipigia simu. Nyuma ya sauti yake huwa nasikia maji yakichuruzika kwenye ndoo.

"Shemeji, Denise kafika kazini?"

Namwambia kafika salama. Hushusha pumzi.

"Nilijua tu," husema. "Lile gari nimelitengeneza mwenyewe."