Sungura wa Dionisia Aliyechinjiwa Wakwe

Hapana, hawa siyo wa kula. Kila anayepita hapa Nambambo ananiuliza, "Babu, wale sungura wa Dionisia anauza?" Wa kitoweo wana banda lao, wakiwepo anauza. Hawa wenye alama ya wino sikioni ni wa kazi.

Asubuhi hii Dionisia, jirani yangu, amepiga magoti anafagia banda la sungura wawili. Anawapa majani ya viazi, anaongea nao taratibu. Banda la tatu halina kitu.

Kazi yenyewe nieleze kama nilivyoelezwa. Yupo daktari mmoja anatoka Dar, anachunguza uvimbe. Anasema mwili umejengwa na vitu vidogo vidogo, seli, na kila seli ina siku yake ya kufa. Ipo protini inayoiambia: wewe basi, pisha wengine. Kwenye uvimbe seli zinagoma kufa. Sasa daktari anataka kujua, ile protini haipo, au ipo imenyamazishwa?

Kwa macho haionekani. Inatafutwa kwa kingamwili, na kingamwili inatoka kwa sungura. Anachomwa sindano yenye protini hiyo, damu yake inajifunza kuikamata.

"Ni kama ulimbo, babu," Dionisia huniambia. "Ila huu unanasa ndege wa aina moja tu, wengine wanapita."

Anacholipwa ni kidogo, cha sabuni na daftari za watoto. Lakini kazi anaipenda.

Hawa wawili damu yao haikunasa kitu. Wa tatu, dume jeupe, damu yake ilinasa vizuri mno. Daktari alikuwa aje Jumatatu kuchukua ya kutosha utafiti wote.

Jumamosi wakaja wageni kutoka Mandawa, kule Ruangwa, kumposa Agatha, binti mkubwa wa Dionisia. Walitegemewa Jumapili. Kuku walishamalizwa na ugonjwa wa kideri, sungura wa kitoweo walishauzwa, na Dionisia alikuwa kisimani. Mumewe, Filbert, angefanya nini? Wakwe wale majani? Aibu hiyo ingefika mpaka Mtua. Akamshika aliyenona.

Dionisia anarudi, sufuria inachemka.

"Baba Agatha, nyama umetoa wapi?"

"Si yule mweupe. Kutwa kula tu, kazi hana."

Dionisia alikaa chini pale pale jikoni. "Huyo alikuwa na kazi kuliko mimi na wewe."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo panapomuuma mpaka leo. "Nilijua atacheka," anasema. "Ningesema sungura ana kazi na daktari, angenitangaza kilabuni wiki nzima. Nikamwacha aone ninafuga tu. Ningemwambia, babu. Maneno mawili tu."

Sungura aliyechomwa haliwi, daktari alikataza. Dionisia akatoa sufuria nje, akachimba shimo, akamwaga, wageni wanatazama. Mimi niliitwa upande wa wenye binti. Sikujua niangalie wapi.

"Mkwe," akauliza mzee Eustakio, mshenga wao, "nyama imeungua, au kijana wetu mmemkataa?"

Akawaeleza yote, hakuficha. Mzee akatikisa kichwa. "Kumbe nusura tumle mfanyakazi!" Watu wakacheka, na Dionisia naye kidogo, machozi hayajakauka. "Kisamvu hamna?" mzee akauliza. "Tumefuata binti sisi, hatukufuata nyama."

Kisamvu kikitwangwa, Dionisia akampigia daktari. Akamweleza yaliyotokea. Halafu akaulizwa, damu je?

"Imenywewa na mchanga, daktari."

Daktari hakugomba. Alisema ataomba sungura wengine, ila haahidi. Na wakipatikana ni kuanza upya, na si kila sungura mwili wake unaitikia kama yule.

"Wakija," Dionisia ananiambia, "baba Agatha ndiye atakayewashika wakichomwa. Aone mwenyewe kazi yao." Anasema wakija. Hasemi lini.

Siku ile ugali ulipoiva, Filbert alikuwa nyuma ya nyumba, anapasua kuni ambazo hakuna aliyezitaka. Wageni wana njaa toka asubuhi. Dionisia akamfuata.

"Njoo tule."

"Kuleni nyie."

"Kosa si lako peke yako, baba Agatha. Njoo."

Akaja, mikono vumbi tupu. Dionisia akamnawisha yeye kwanza, kabla ya wakwe. Mzee Eustakio akajifanya hakuona. Ndipo sote tukakaa, tukala.