Siku Tatu Ambazo Sikushuka Mtoni

Kwa miaka kumi na moja nilishuka mtoni mara mbili kwa siku. Kama kuna anayedhani kushuka mtoni huku Kinyala ni matembezi, aje nimwazime magoti yangu. Asubuhi saa tatu, jioni saa kumi, jua lisiwake, mvua isikatike, ukungu usiinuke, mimi huyo na mwavuli wangu uliovunjika mbavu mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma mto. Ofisi ya maji ilisimika ukingoni vibao vya chuma vyenye namba, kimoja juu ya kingine mpaka mita tatu. Nikapewa kitabu na penseli: tazama maji yamefika namba ngapi, andika, rudi nyumbani. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Mto unapita hapa tangu enzi za mababu, leo ndiyo unaitiwa mahudhurio?" Nilicheka naye, lakini nilishuka. Nilishuka na mimba ya mwanangu wa mwisho, kisha nikashuka nikiwa nimembeba mgongoni.

Mtaalamu aliyenifundisha alinieleza jambo nililolipenda. Maji ya Septemba, alisema, si ya mvua. Ni maji yaliyozama mlimani miezi mingi nyuma, yanatoka ardhini kidogo kidogo, na bila kitabu kama changu hakuna awezaye kujua kama mlima bado unayo ya kutoa. Basi kila kiangazi nilisoma namba zile ndogo kwa makini zaidi kuliko za masika.

Halafu nikaugua malaria, nikaacha siku mbili bila kuandika. Yule yule mtaalamu alipokuja kukagua alinisema mbele ya mume wangu kama mtoto aliyekojoa kitandani. "Mama, pengo dogo hivi linatuharibia mwaka mzima!" Aibu iliyonipata siku ile, acheni tu. Nikaapa kwamba kitabu changu hakitakuwa na pengo tena hata nikifa.

Hakufa mtu mwingine ila mama mdogo aliyenilea. Alifia hospitalini Igogwe, mwezi wa nne, na msiba ukawa huko huko kwake. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Wanawake tulilala chini, nguo mbichi, macho yamevimba. Siku ya pili nikamnong'oneza dada yangu kwamba nichomoke mara moja nikaangalie mto, nitarudi. Akanitazama kama nimepandwa na kichaa. "Utoke msibani, uende kuangalia mto? Kwani mto nao umefiwa?" Wanawake wa karibu wakaguna. Kwetu anayeuacha msiba wa mama kabla ya matanga huwa haachi kusemwa mpaka naye azikwe. Nikakaa.

Niliporudi siku ya nne nilipitia mtoni kwanza. Maji yalikuwa yameshashuka, lakini vibao vyote vilikuwa na tope mpaka juu. Kwenye mti mkubwa wa ukingoni, juu ya kichwa changu, migomba iliyong'olewa na majani makavu vilikuwa vimening'inia matawini. Nilielewa. Maji yalikuwa yamevipita vibao vyote.

Nikaenda nyumbani, nikafungua kitabu, nikazijaza zile siku tatu kwa utaratibu mzuri, asubuhi na jioni, za juu za kila siku zikiwa mita moja na sentimita themanini, mita mbili na kumi, mita moja na tisini. Mtaniuliza kwa nini sikuandika kubwa. Kwa sababu namba kubwa huitiwa watu. Wangekuja kuniuliza ilikuwa saa ngapi, nilisimama wapi. Namba ya kawaida hupita kimya. Na ikapita, jamani, ikapita kweli.

Miaka ikaenda. Magogo tuliyokuwa tukivukia yakachukuliwa na maji, kijiji kikaomba daraja la watu wa miguu, na baada ya kuomba sana akaja mhandisi, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, mpole, na buti za mpira. Kwenye mkutano akasema amebahatika, maana mto wetu una kumbukumbu za miaka kumi na moja zenye pengo la siku mbili tu. Maji hayajawahi kuzidi mita mbili na kumi, kwa hiyo daraja litawekwa juu kidogo ya hapo. Watu wakapiga makofi, wakanigeukia na kunipigia na mimi. Nami nikapiga.

 Mwanangu wa mwisho angevuka hapo kila siku kwenda shule, yeye na watoto wa wenzangu wote.

Asubuhi nilimfuata yule binti mtoni. Alikuwa peke yake, jicho kwenye kile kidarubini chao cha miguu mitatu.

"Mwanangu, ile mita mbili na kumi si kweli."

"Si kweli kivipi, mama?"

"Niliitunga. Nilikuwa msibani."

Akainua uso. Nikampeleka kwenye ule mti, nikamwonyesha kwa fimbo takataka zilipokuwa zimefika. Akapima, akarudia kupima, akaandika. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Na siku nyingine?"

"Nyingine zote ni za kweli. Naapa."

"Nitajuaje, mama?"

Angenitukana ningejibu, mdomo ninao. Lakini aliuliza kwa upole. Nikasema, "Hutajua." Akaniomba radhi, yeye aniombe radhi mimi, akasema vitabu itabidi viwekwe kando. Nikauliza vyote? Akasema vyote.

Nilipanda mlima nikilia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia aliyenisema kwa ajili ya malaria, nikamkasirikia dada yangu, na nilipofika nyumbani nikawa nimebaki mwenyewe wa kukasirikiwa. Septemba zangu zote zile!

Hakuna aliyenifukuza. Kitabu kipya tu hakikuja, na ukingoni kikafungwa chombo kinachojisomea chenyewe.

Daraja likajengwa juu sana, na ngazi nyingi kila upande. Watu wanalalamika. Wanawake wenye mizigo ya majani ya ng'ombe wanapanda wakiuliza ni nani aliyewadanganya wahandisi kwamba sisi ni mbuzi. Mimi napanda nao, magoti yanaomba talaka.

Masika ya mwaka huu mto ulifura. Nilikuwa nikivuka na jirani yangu, watoto wa shule wakatupita mbio wakicheka, na chini yetu maji ya tope yalikuwa yakipita na mgomba mzima, hayajafika kwenye mbao kwa kiasi cha shibiri mbili. Kwa jicho langu nilijua yamefika wapi. Daraja la mita mbili na kumi lingekuwa limeshaondoka tangu alfajiri, au lingengoja hao watoto wafike katikati.

Jirani yangu akashika kiuno, akalaani zile ngazi kama kawaida yake. Nilitaka sana kumwambia. Lakini ningeanzia wapi, kama si kwenye uongo wangu? Nikampokea mzigo, tukashuka.