Ufunguo wa Masjala

Melania ana tabia moja inayochosha watu: hapendelei mtu. Anatunza masjala, yaani chumba cha mafaili, katika ofisi moja ya mji wetu ambayo sitaitaja, maana bado nafanya kazi humo. Dirisha lake lingetazama ziwa, lakini ameliziba kwa kabati. Anasema jua linaharibu karatasi.

Utaratibu wake ni mmoja. Mtu yeyote anaruhusiwa kusoma faili la umma, mradi akae mbele yake, mikono mezani. Karatasi haitoki. Mchungaji alikaa hivyo, shehe naye alikaa hivyo, na wote wawili walinuna.

Mwaka jana tukaletewa mkuu mpya, Bwana Nehemia, mtu wa tabasamu nyingi. Akataka ufunguo ukae kwake na kila msomaji amwombe yeye ruhusa, kwa ajili ya usalama. Usalama wenyewe ulikuwa rafiki yake mfanyabiashara, aliyeutaka ufukwe wa Katonga ambako kina mama huanika dagaa. Faili lilisema wazi kwamba ufukwe ule ni wa umma.

"Mzee, ufunguo ukikaa kwako, mafaili yatakuwa yako," Melania alimwambia. "Sasa hivi si ya mtu."

"Nitakuhamishia Kalinzi."

"Kalinzi kuna hewa nzuri."

Barua ya uhamisho nilipewa mimi niichape. Niliichapa polepole kuliko kawaida yangu, na habari ikafika Katonga kabla sijamaliza. Asubuhi kina mama wakaja na ndoo za dagaa wabichi, wakiongozwa na Esther, dada yake Melania wa tumbo moja. Wakasalimia kwa adabu, wakaketi koridoni, wakasema watamsubiri mkuu, asiharakishwe. Kufikia adhuhuri joto la bati lilikuwa limefanya kazi yake kwenye zile ndoo. Bwana Nehemia akatoka na leso puani, akatangaza kwamba uhamisho umefutwa na ufunguo ubaki ulipo.

Siku chache baadaye baraza la ardhi likaliitisha lile faili ili kugawa matumizi ya ufukwe. Kabla halijapelekwa, Esther akaja peke yake kulisoma, mikono mezani. Akakuta muhtasari wa kikao cha zamani: upande wa kijito umetengwa kwa mitumbwi ya wavuvi. Chanja zake zote za kuanikia ziko upande huo. Akaichomoa ile karatasi.

"Mdogo wangu, karatasi moja tu. Nani atajua?"

"Mimi, dada."

"Sisi ndio tuliokuokoa!"

"Asante, dada. Irudishe."

Esther aliirudisha, akatoka bila kuaga. Nilikasirika kweli, nikamwambia Melania ana moyo wa jiwe. Alikuwa anafuta meza, na machozi yakawa yanadondoka pale pale anapofuta.

Baraza likapima ufukwe. Mfanyabiashara hakupata hata kipande. Kina mama wakabaki na upande wao, wavuvi nao wakapewa ule wa kijito.

Jumamosi Melania akajifunga kanga kuukuu akaenda Katonga kusaidia kung'oa chanja za dada yake. Nilikwenda naye. Esther alituona, akanisalimia mimi. Kisha akainama, akashika ncha nyepesi ya gogo la chanja, ile nzito akamwachia mdogo wake. Melania akaiweka begani.