Jibini Niliyoitupa

Miaka yangu ya mwanzo hapa Scarborough nilikuwa nasema wazi kwamba Kanada haina chakula. Wana viazi, wana mkate, wana ile asali ya mti wanayomwagia kila kitu. Nilikoma kusema hivyo siku mjukuu wangu alipotakiwa kupeleka shuleni chakula cha Kanada kilichopikwa nyumbani.

Alichagua putini, yaani chipsi zilizomwagiwa mchuzi mzito, na juu yake madonge ya jibini. Binti yangu ni nesi. Alinunua kila kitu akaenda kazini. "Mama, wewe kaanga tu, halafu umwagie."

Kukaanga sifundishwi.

Asubuhi nikafungua friji, nikakuta mfuko wa madonge meupe yenye majimaji. Nikanusa. Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini ng'ombe nimekamua tangu mdogo, na maziwa yaliyokatika nayajua. Nikatupa yote, nikanawa mikono, nikaendelea na viazi vyangu.

Mtoto akaja amekwisha vaa koti. Yeye huniuliza kwa Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili, na tunaelewana.

"Bibi, jibini iko wapi?"

"Jibini gani?"

Akatazama ndoo ya taka. Hakulia, na afadhali angelia. "Basi hizi ni chipsi tu," akasema. "Wataniuliza Kanada iko wapi hapo."

Mimi si mtu wa kuwaomba radhi watoto. Siku hiyo niliomba. Nikamshika mkono, tukagonga mlango unaotazamana na wetu. Hapo anakaa mama mtu mzima, mzaliwa wa hapa, ambaye miaka yote tulikuwa tunapungiana mkono tu kwenye lifti. Mtoto akamweleza, akawa mkalimani wetu. Yule mama akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Umezitupa zote?"

"Zote. Zilinuka maziwa."

"Ni maziwa, mama."

Akatoa jibini ya njano, akaikatakata, akaitia kwenye bakuli lake la udongo. Mtoto akaiangalia kwa wasiwasi: hii nayo ni ya Kanada?

"Mama yangu alitoka Ureno," akajibu yule mama. "Kwenye putini alitia jibini aliyokuwa nayo, na soseji juu. Tulikula, na hakuna aliyetunyang'anya sahani."

Nikatia chipsi na mchuzi kwenye hotipoti, jibini juu, mtoto akaenda nayo shuleni. Jioni ilirudi imekwanguliwa.

"Walisemaje?" nikauliza.

"Wameuliza kama utapika tena."

Mimi sirudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu. Lile bakuli nililirudisha na maandazi, likaja na keki ya tufaha, nikalipeleka na pilau. Hivyo ndivyo nilivyokijua chakula cha Kanada, mlango kwa mlango, na namshukuru Mungu kwa mlango ule. Juzi limekuja na madonge meupe yale yale. Nimeyala. Yanalia kwenye meno kama mpira, na ni matamu.