Nafasi ya Mpiga Gitaa

Juzi nilikwenda Nanyamba kumtoa mwali, mtoto wa dada yangu, na nimerudi na jambo ambalo bado sijalipatia pa kuliweka. Nakusimulia wewe kwa sababu wengine niliojaribu kuwaeleza walinicheka. Ilikuwa alasiri, uwanja umejaa akina mama waliovaa sare, mwali kakaa mkekani na kanga mpya. Pembeni vijana wa ngoma waliwasha makuti makavu wakawa wanavigeuzageuza vinganga vyao juu ya moto. Vinganga ni vile vingoma vidogo vyenye mguu uliochongoka, unaochomekwa ardhini. Ngozi ikipoa hulegea, ikipashwa hukaza na kulia. Harufu ile ya makuti na ngozi ilinikamata kooni kabla hata hawajaanza.

Wakaanza. Mpigo wa kasi, wa kufukuzana, vumbi likapanda mpaka magotini. Kisha, utamu ulipokolea, ngoma zote zikanyamaza kwa mara moja, na uwanja mzima ukaingia kupiga makofi. Nikamwangalia kijana aliyekaa kwenye ngoma kubwa. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, lakini kisigino chake cha kulia kilikuwa kinagonga mchanga taratibu, kinahesabu. Nikakaa kwenye mkeka wa watu nisiowajua. Kile kisigino nakifahamu. Na kile kimya nakifahamu zaidi, kwa sababu ni nafasi ya mtu, na mtu mwenyewe namfahamu.

Turudi basi Magomeni, Mtwara mjini, uani kwa bibi yangu aliyenilea. Chanzo cha yote kilikuwa fulana ya mtumba. Kijana wa nyumba ya pili aliinunua kwa sababu ilikuwa nyeusi na haikuwa na tundu, na kifuani ilikuwa na maandishi yaliyochongoka kama matawi ya miiba, hakuna aliyeweza kuyasoma. Akaipeleka kwa jamaa mwenye duka la intaneti, wakahangaika na zile herufi mpaka wakapata video: wanaume wanne wenye nywele ndefu wanatikisa vichwa kama walioingiwa na nyuki, na mlio kama wa mashine ya kusaga isiyo na mahindi ndani. Jamaa akamwambia ule ni muziki wa metali, tena ile ya kasi iitwayo thrash. Kijana yule akaja moja kwa moja kwetu, akatukuta mimi na kaka yangu tunamenya muhogo, akatangaza, "Kuanzia leo sisi ni bendi." Hatukuwa na hata filimbi.

Yeye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wetu. Alikuwa na gitaa kuukuu la mbao aliloachiwa na mjomba wake, akabandika ndani yake kinasa sauti alichokichomoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa, akaliunganisha na spika aliyoichana kwa wembe makusudi ili ikwaruze. Bibi alipoona spika nzima inachanwa mchana kweupe alishika kiuno. Kaka akatengeneza besi kwa ubao wa mlango na nyaya za breki za baiskeli. Mpiga ngoma alitoka Nanyamba, alikuja mjini kusoma, na kwao ngoma ni kazi ya ukoo. Alileta vinganga, akaongeza pipa la bluu la plastiki na mfuniko wa sufuria, ambao bibi aliudai mpaka siku anaingia kaburini. Mwimbaji alikuwa kijana wa madrasa mwenye pumzi ndefu kuliko sisi wote. Tukajiita Moto wa Makuti, maana bila moto ule vinganga havisemi. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Katika vitu vyote vya duniani," alisema, "mmechagua kinachowaka upesi na kuzimika."

Mazoezi yalikuwa baada ya kazi, hiyo ndiyo sheria ya ule ua. Kwanza mtwange makopa ya muhogo, mpare samaki, mfagie uwanja mpaka mistari ya ufagio ionekane. Mpiga gitaa alitwanga kuliko sisi wenye nyumba, na bibi akampenda kwa hilo. Alimwita "mume wangu", kama mabibi wanavyotania, na mimi nikawa "mke mwenzangu". Siku za ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyochemshwa na maganda yake, bakuli la mume lilifunikwa kawa na kuwekwa juu ya kabati, na ole wako wewe mke mdogo uliguse. Nakumbuka mvuke wa ile sufuria, chumvi iliyoganda vidoleni, na spika ile iliyochanika ikinguruma huku kuku wakikimbilia kwa jirani. Jirani hakuwahi kulalamika. Alikuwa anasubiri umeme ukatike, na Mtwara ya wakati ule haikumweka sana.

Mwanzoni mimi sikuwa na nafasi, kazi yangu ilikuwa kuwasha makuti. Kaka alipochaguliwa shule ya bweni Songea, ule ubao wa nyaya ukabaki yatima, nikaushika mimi. Sisi kwa sisi hatukuitana majina. Tuliitana Gitaa, Besi, Ngoma, Sauti, na jina lilibaki na chombo. Kaka alipokuja likizo, bibi akaita, "Besi, lete maji," tukainuka wote wawili. Bibi akamtazama mjukuu wake wa kiume akamwambia kwa upole tu, "Wewe ni mgeni, kaa." Kaka alicheka, lakini niliona ilimwingia.

Kisha tukampoteza Sauti. Mwalimu wa madrasa alikuja mwenyewe hadi uani, akakaribishwa kiti, akanywa maji. Hakugomba. Alimuuliza kijana wake, "Sauti uliyopewa ni moja. Maulidi yanakuja, na ninaisikia inakatika. Utaigawa mara ngapi?" Kijana akaenda kumpa kila mmoja wetu mkono kana kwamba anasafiri, wakati kwao palikuwa mtaa wa pili. Mahali pake tukamchukua muuza samaki aliyekuwa akipita Magomeni kila asubuhi akinadi dagaa. Koo lake lilikwisha kuharibika kwa kazi, hatukuhitaji kumfundisha kitu.

Wimbo wetu mkubwa uliitwa Mto Umejaa. Aliutunga Gitaa, na ulikuwa wa mama yake, aliyekuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na aliyerudi kwao kijana wetu akiwa bado mdogo. Katikati ya wimbo sote tulinyamaza, gitaa likabaki peke yake kwa mizunguko minane. Lilianza chini, likapanda, likawa maji yanayokula kingo. Ili tusipotee, Ngoma alihesabu kwa kisigino mchangani, na kisigino kikigonga cha mwisho tunaingia wote. Kila tulipofika pale nilifumba macho. Sijui kama nilikuwa nalipenda gitaa au nampenda mwenye gitaa. Umri ule hautenganishi.

Habari ikaja kwamba mama yake anaumwa. Alikuja kuaga asubuhi, kavaa ile fulana nyeusi, begani mfuko mmoja. Gitaa lake akalitundika ukutani kwa bibi.

"Bibi, nakwenda kumwangalia mama. Nikirudi nikute ming'oko."

"Nenda, mume wangu. Msalimie mkwe. Ukichelewa naolewa."

"Utaolewa na nani na domo hilo?" akamjibu, na bibi akamrushia kipande cha ganda. Kisha akatugeukia mimi na Ngoma. "Pale pangu kwenye Mto Umejaa, msiniwekee mtu. Nakuja." Akapanda gari la Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, akavushwa. Wiki ya kwanza alipiga simu, akasema mama amepata nafuu kidogo. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Nilikuwa nampigia kila siku nikitoka shule, mpaka yule mwanamke wa kwenye mtandao anayesema haipatikani nikamchukia kama mtu ninayemjua.

Msimu wa korosho ulipoisha, mjomba wake Ngoma akatualika Nanyamba kucheza kwenye sherehe ya jando. Nadhani alielewa kwamba ni ngoma ya kawaida yenye redio. Tukaenda bila gitaa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Tulipoanza, watu waliduwaa, watoto wakajificha kwenye kanga za mama zao. Ila vinganga ni vya kwao, na kasi kwao si ngeni. Wazee wa kike wakaingia kwanza, viuno vikajibu, wengine wakafuata. Tukafika pale pake. Tukanyamaza, kama alivyotuagiza. Hakuna gitaa. Kisigino cha Ngoma kikagonga mchanga, na mimi nikageuka kuangalia upande wa mtoni, kana kwamba angetokea kwenye njia itokayo huko na mfuko wake begani.

Watu wakadhani tumeharibikiwa. Mama mmoja akatuhurumia, akapiga makofi kutupa moyo, mwenzake akapokea, na kabla mizunguko haijaisha uwanja wote ulikuwa unapiga makofi. Kisigino kikagonga cha mwisho, tukaingia. Nanyamba ililipuka. Wakatulazimisha kurudia, tena na tena, na kila mara walikisubiri kile kimya kwa hamu, wakakijaza kwa makofi. Kwao ile ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. Mimi nililia, jasho likanisitiri.

Baadaye tulipata mpiga gitaa mwingine, fundi wa simu, vidole vyepesi kweli, mwenye gitaa lake mwenyewe. Bibi alimpikia lakini hakumwita mume. Siku ya kwanza ya mazoezi alipiga Mto Umejaa vizuri mpaka pale katikati, kisha akainua mkono kutoka kwenye nyuzi akaacha kisigino kihesabu. Hakuna aliyemwambia. Tulipomaliza akasema, "Gitaa la mwenyewe liko pale ukutani linaniangalia. Hapa si pangu." Nikampenda kwa hilo, ingawa moyoni nilitamani apige, hata vibaya, niisikie sehemu ile tena.

Basi ikawa hivyo. Muuza samaki akaoa akahamia Mikindani, akaja mwingine, akafundishwa pa kunyamaza. Ngoma akarudi Nanyamba shambani kwa baba yake, akawafundisha wadogo zake, baadaye akaenda Newala. Mimi nikapata chuo mbali, ubao wa nyaya nikamwachia binti wa jirani, na yeye nikamfundisha: hapa unatoa mkono, unasikiliza kisigino. Mwisho hapakuwa na hata mmoja wetu. Hakuna siku iliyotangazwa kwamba bendi imekufa. Nadhani ilisahauliwa tu, mtu mmoja baada ya mwingine.

Mambo ya ng'ambo yalipochafuka kwa vita na watu wakaanza kuvuka kuja huku na mikeka kichwani, nilikuwa nyumbani likizo. Bibi alipika ming'oko sufuria nzima, akanivuta tukapanda gari la asubuhi hadi Kilambo. Akakaa kando ya njia na sufuria yake, kila anayepita anamuuliza, "Hujamwona mume wangu huko? Kijana mrefu, kucha za mkono wa kulia kafuga." Watu walimtazama yule bibi kizee, wakanitazama mimi. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi alicheka, akasema, "Bibi, nikimwona nitamwambia unamsubiri." Nahisi ndicho kicheko pekee kilichovuka siku ile. Bibi aliwagawia ming'oko wote mpaka sufuria ikakwanguliwa, isipokuwa michache aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Tulirudi nayo Magomeni, akaiweka juu ya kabati, akaifunika kawa.

Bibi hayupo sasa. Ua umegawanywa, pamejengwa fremu za maduka, na mahali pa vinganga panauzwa vocha na vifuniko vya simu. Gitaa tulilishusha ukutani siku za matanga, mchwa walikwisha kuingia mpaka shingoni, likavunjika mikononi mwa kaka. Kaka alilia kuliko alivyolia mazikoni. Navitamani vyote, rafiki yangu. Natamani mpaka kelele za kuku wale.

Ndiyo maana, wale vijana wa Nanyamba walipopumzika, nilimfuata yule mwenye ngoma kubwa.

"Mwanangu, ule mliopiga unaitwaje?"

"Ule, shangazi? Hauna jina. Tunauita tu wa makofi."

"Na pale katikati mbona mnanyamaza?"

"Ndivyo ulivyo. Waliotufundisha walifundishwa hivyo hivyo."

"Mnasubiri nini?"

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayeulizwa swali la ajabu na mkubwa. "Tunasubiri tu, shangazi. Kisha tunaingia."

Nikamwomba wapige tena. Akawaita wenzake, wakavipasha vinganga, wakaanza. Nilikuwa nimejipanga: pale pakifika nitaliimba gitaa kimoyomoyo, lote, kwa niaba yake. Pakafika. Wakanyamaza, makofi yakaanza, nami nikaanza. Likatoka chini vizuri, likapanda kidogo, halafu nikatafuta linapoelekea nisipaone. Nimelisahau. Nimebaki na urefu wake tu, mizunguko minane, na huo hata vijana hawa wanao.

Nikaacha kutafuta. Nikageuka upande wa mtoni, nikaangalia njia, mpaka kisigino kilipogonga cha mwisho na ngoma zikaingia.