Mustari Moja wa Kukusanya Watoto

Mimi niko muntu wa kujivuna, niseme mbele wengine hawajasema. Pale Kitshanga, mu ofisi yetu, njo mimi nilikuwa nageuza fishe za XML, zile karatasi za habari za mu ordinateur, ni kusema kompyuta, kuwa liste wamama wanaweza kusoma ku ukuta: liste ya watoto waliopoteana na wazazi mu kukimbia. Lugha ya ile kazi inaitwa XSLT. Na mu ile lugha ya zamani, kukusanya watoto kwa familia ilikuwa kazi ya kuvunja kichwa. Kisha tukapata version mupya ya ile lugha.

Nilijifunza siku tatu, document ya Kifaransa ku magoti. Kumbe mu ile mupya, kukusanya ni mustari moja tu! Nilipiga kelele mpaka chef wetu wa kazi akatoka kuuliza nani amekufa. Nikafuata mufano wa document vile ulikuwa: kusanya kufuatana na jina la familia. Wenye jina moja wakaandikwa ndugu. Aliyebakia peke yake akaandikwa: hana ndugu.

Pumbavu mimi! Mimi mutoto wa Karuba, tumbo moja tulitoka sita, na hata wawili hatuna jina moja. Kwetu kila mutoto anapewa lake siku anazaliwa: huyu la babu, huyu la mvua, huyu la huzuni ya ile mwaka. Jina la mama njo lingetukusanya, na jina la mama ya kila mutoto lilikuwa mu fishe. Aliyeandika ule mufano hana kosa, kwao wanarithi jina. Mimi nilijua. Ujanja mingi, mbele giza.

Dada yangu mukubwa alikuwa amekimbia, akapoteana na mabinti wake wawili karibu na Mushaki. Mimi sikujua, rezo ya simu ilikuwa imekatika, nilizani wako naye Mubambiro. Na ile liste sikusoma majina. Nilitazama tu kama mistari imetoka muzuri.

Watoto wenye ndugu walipelekwa pamoja. Wasio na ndugu walipelekwa kila mumoja penye familia ya kumupokea. Wale mabinti wa dada yangu walikuwa kati yao: mukubwa akabakia Kitshanga, mudogo akapandishwa gari ya Walikale. Mukubwa alilia, akasema huyu ni mudogo wangu. Wakamuonyesha karatasi.

Ule mudogo hakukuwa anakula chakula cha mugeni kama dada yake hajaonja mbele. Kule Walikale homa ilimukuta na tumbo wazi. Walimuzika kule kule, na dada yangu hajaona kaburi mpaka leo. Moyo wangu umeoza.

Mukubwa, nilimupata mimi. Nilimurudisha kwa mama yake, tukaketi, maharagi iko ku moto. Akaniangalia sana.

"Mujomba, nani aliandika kama siko na mudogo?"

"Ordinateur," nikasema.

Dada yangu akamuvuta mutoto kwake. "Usimusumbue mujomba wako," akamwambia. "Bila yeye, hata weye singekupata."