Siku Boya Lilipotembea Mugango

Jamani, mpaka leo nikipita karibu na mwalo wa Mugango, pale wavuvi wanapopakulia samaki, navuta kofia hadi usoni, maana kule kuna watu wazima wenye heshima zao ambao wakiniona wanaanza kucheka kabla hata sijawasalimia, na sina wa kumlaumu.

Asubuhi ile niliondoka mtaani kwetu Mukendo bila mpango wowote. Sikuwa nimegombana na mtu wala sikuitwa popote, niliamka tu nikaona sina sababu ya kukaa (ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita, mwalimu anachora mto ubaoni, mimi nataka kwenda kuuona), nikakuta lori linalokwenda kuchukua dagaa, nikaomba lifti, likanishusha Mugango jua likiwa bado changa.

Pale mwaloni alikuwepo jamaa anaitwa Magesa, mwenye mtumbwi wa injini, anafunga kamba kwenye vibao viwili vyeusi vilivyochongwa pua kwa mshazari, chini vimegongelewa vipande vya chuma ili visimame wima majini. Nikamuuliza ni vya nini.

"Hivi vinatembeaga," akasema. "Panda uone. Kwanza nahitaji mtu wa kunishikia mishipi."

Tukiwa njiani akanieleza. Sangara anaogopa mlio wa injini, kwa hiyo ukikokota mshipi nyuma ya mtumbwi tu, ukipita wewe yeye keshakimbilia pembeni. Basi unaachia ndoano yenye samaki wa bandia iende mbali nyuma, halafu unaubana mshipi kwenye kamba ya kibao kwa kibanio cha nguo (ndiyo, hiki hiki cha kuanikia mashati), na kibao kinaupeleka pembeni kwenye maji yaliyotulia. Sangara akidaka, kibanio kinaachia, unamvuta. Na kibao cha kushoto ni cha kushoto, cha kulia ni cha kulia. Hilo la mwisho nililisikia. Naapa nililisikia.

Akaweka cha kwanza, upande wa ziwa kuu. Nilidhani kitatufuata nyuma. Hakikutufuata. Kiligeuza pua kikaondoka peke yake, hakuna kasia, hakuna tanga, hakuna mtu, kinakata maji taratibu hadi kikafika mbali kabisa, halafu kikatulia huko huko kikawa kinasafiri sambamba na sisi kana kwamba kina safari zake. Nimebeba mawe Butiama, nimechunga ng'ombe wa watu Bunda, lakini sijawahi kuona kitu unachokivuta mbele nacho kinakwenda pembeni. Nilisahau hata kufunga mdomo.

Tatizo, mawimbi yalikificha, na mimi sikutaka kukikosa hata kidogo. Magesa alipoinama kuhangaika na injini, nikaona dumu la njano lililokatwa la kuchotea maji, nikachana kipande, nikakifunga juu ya kibao cha pili, nacho nikakishusha mwenyewe upande wa nchi kavu, yeye bado ameinama. Sikuuliza. Kikaondoka kinang'aa kama yai. Nikafurahi peke yangu.

Kumbe Mugango kipande cha dumu la njano ndilo boya la nyavu, na nyavu huko zinaibiwaga. Na kumbe kule ufukweni alikuwa amesimama Mama Mafuru, mjane, ambaye nyumba yake yote inakula kutoka kwenye wavu mmoja, akainua macho akaona boya linaondoka.

"Wavu wangu! Jamani wavu wangu unakwenda!"

Watu wakawaachia kunguru dagaa wao. Mitumbwi ikashuka majini, makasia juu.

"Umeweka nini pale?" Magesa akaniuliza.

"Kadumu kadogo tu kaka, tukione vizuri."

"Mura, kijana wewe, umetuua."

Tukaletwa ufukweni. Kijana mmoja alikuwa tayari na petroli, anauliza waanze na mtumbwi au na sisi. Mama Mafuru aliingia majini hadi magotini, machozi yanamtoka, akaniambia kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko petroli: "Watoto wangu watakula nini kesho? Wavu wangu uko wapi?"

Mwenyekiti wa mwalo akatuma mtumbwi ukauangalie wavu pale mama yule alipoutega. Magesa akajitetea kwamba kile ni kibao, kinakwenda pembeni chenyewe. Watu wakaguna. "Hakuna mti wa hivyo," akasema mwenyekiti, "mlikuwa mnakivuta pamoja na wavu. Haya, tuonyesheni." Na Magesa, kwa hasira, akaninyooshea kidole: "Aonyeshe yeye."

Tukapanda, mwenyekiti katikati kama shahidi. Nikashika kibao, nikakishusha upande wa kulia. Kilikuwa cha kushoto. Kikageuza pua, kikaja kwetu mbio kama ndama aliyemwona mama yake, kikapita nyuma ya mtumbwi, kamba ikajisokota kwenye panga la injini, injini ikazima, mtumbwi ukayumba, na mwenyekiti akaingia majini na kofia yake, maji ya kiunoni, mbele ya mwalo mzima.

Mara nikasikia kicheko. Alikuwa Mama Mafuru, anacheka huku bado analia.

"Mwacheni! Huyu hata chumvi ya jirani hawezi kuiba!"

Hapo hapo mtumbwi uliotumwa ukapiga kelele kutoka mbali: wavu upo, na sato wawili ndani. Mama Mafuru akakaa chini mchangani kama aliyetua mzigo.

Magesa akafungua kamba kwenye panga, akaniteremsha, akawasha, akakiweka kibao upande wake. Kikaondoka. Watu wote wale, wa makasia na wa petroli, wakasimama wakikitazama kinavyokwenda, na mwenyekiti, maji yakimchuruzika, akasema polepole, "Kweli kinatembea."

Magesa hakunirudia. Alikata kona akaenda zake. Mama Mafuru akaniuliza nitalala wapi, nikamwambia sijui, akanipeleka kwenye chumba anachowekea nyavu kuukuu, akanitandikia mkeka. Aibu ikanishika upya.

"Mama, naapa, sitagusa tena kitu chochote majini kabla ya kuuliza."

"Na nchi kavu pia," akasema, akiniondoa mkono kwenye kufuli la mlango wake, ambalo nilikuwa nimeshaanza kulichokonoa nione ndani lina nini.